Unguja na Pemba kwa Mlango wa Uani

Wazazi wa bara wanaovuka kwenda Zanzibar na watoto wao wakati wa likizo huwaonyesha vitu vile vile: mchanga mweupe wa pwani ya mashariki, milango ya nakshi ya Mji Mkongwe na bwawa la kuogelea la hoteli. Watoto hufurahi, na furaha yao siibezi hata kidogo. Lakini nimerudi kutoka Unguja na Pemba na hoja ambayo natamani kila mzazi anayepanga safari ya namna hiyo aipime kabla hajalipia chumba. Nasema kwamba visiwa hivi huwafungukia watoto uani, penye mafiga na sinia, kuliko mahali pengine popote. Yaliyoipata pwani yetu kwa zaidi ya miaka elfu moja, biashara yake, dini yake, utumwa wake na mapinduzi yake, yote yameacha kitu ndani ya chungu. Mtoto wa miaka sita ambaye hawezi kusoma bango la makumbusho anaweza kukikuna kitu hicho, kukikamua, kukikoroga na kukila, na akishakila atauliza kimetoka wapi. Swali hilo ndilo linalohitajika, maana mtoto aliyeuliza mwenyewe husikiliza jibu. Njia yetu ilianzia Mjini Unguja, ikapita Jambiani, Makunduchi na Kizimkazi, kisha ikavuka hadi Pemba, kutoka Chake Chake mpaka Tumbe na Wete. Tulilala na kula, mimi na watoto, kwenye nyumba za watu, na wenyeji wetu sitawataja majina, kwa kuwa nyumba ya mtu si kivutio.

Mjini

Asubuhi ya Mjini ianze Darajani. Soko hili lilijengwa mwaka 1904, na mpaka leo ndipo nyumba nyingi za Mjini zinapoanzia siku yao. Samaki hunadiwa alfajiri: changu, tasi, kolekole, nguru, na jodari anayebebwa na watu wawili. Mtoto aliyezoea kumwona samaki akiwa amekwisha kukaangwa hapa anamwona akiwa na macho na magamba, na ukimwomba muuzaji atamwonyesha jinsi ya kufunua shavu na kutazama wekundu wake ili ajue kama samaki ni wa leo au wa juzi. Ni maarifa madogo, lakini mtoto akishayapata huanza kulitazama soko kama mnunuzi, na mnunuzi huona mengi kuliko mtazamaji. Mbele kidogo viko viungo, iliki, mdalasini, bizari, pilipili manga na karafuu, vilivyomwagwa kwenye makapu na kupimwa kwa mkono. Tusiwapitishe watoto haraka hapa. Mkate wa mofa unatokana na nafaka ya kale ya Afrika, chapati tumezipata kwa Wahindi, boko-boko la ngano na nyama linalopikwa siku za sikukuu lina ndugu zake Uarabuni, na muhogo uliochemshwa kwa tui ulitoka Amerika ukaletwa na Wareno baada ya Vasco da Gama kuipita pwani hii mwaka 1498. Nyumba moja ya Mjini huweza kuvipika vyote hivyo kwa juma moja bila mtu yeyote mle ndani kudhani amefanya jambo la ajabu.

Hata vyombo vina habari zake. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba karibu mwaka 1880, alikuwa akiuza vyungu kabla hajawa mwimbaji wa taarab ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Mtoto akimwona mama ameteleka mchuzi wa samaki kwenye chungu cha udongo, aambiwe kwamba sauti ya kwanza ya mwanamke wa pwani kuvuka bahari kwa sahani ilianza kwa kunadi chombo kama hicho barabarani. Atakumbuka, kwa sababu chombo kiko mbele yake na kinatoa mvuke.

Kutoka Darajani hadi Mkunazini ni mwendo mfupi kwa miguu ya mtoto, na hapo ndipo palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Kanisa kuu la Anglikana limejengwa papo hapo. Wapo wanaosema watoto wadogo wasipelekwe, kwamba jambo hili ni zito na likizo ni ya kucheka. Nauheshimu wasiwasi huo, ila sikubaliani nao. Mikarafuu ilienea Unguja na Pemba katika karne ya 19, chini ya utawala wa Sayyid Said bin Sultan na warithi wake, na waliofyeka msitu, wakapanda na kuchuma walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897. Karafuu iliyomo kwenye pilau inayopendwa na kila mtoto ina jasho hilo ndani yake. Kumlisha mtoto pilau miaka kumi na miwili na kumficha habari ya karafuu, halafu kumfundisha utumwa kwa tarehe za kukariri darasani, ni kumpa tarehe zisizo na watu. Aelezwe kwa maneno machache, kwa umri wake, na ukweli usipunguzwe. Anayeweza kuambiwa asicheze na moto kwa sababu unaunguza anaweza pia kuambiwa kwamba watu waliwahi kuuzwa mahali hapa.

Jambiani

Pwani ya mashariki maji yanapokupwa hukimbia mbali mno, na bahari huacha uwanda mpana wa mchanga, vidimbwi na miamba hadi kule mawimbi yanapopasukia. Siku za maji ya bamvu ndipo wanawake na watoto wa Jambiani hutoka kwenda kuchokoa pweza na kukusanya chaza. Msafiri aliye hotelini huona vivuli vya watu kwa mbali. Akiwafuata, na watoto wake wakiwa na viatu vya mpira miguuni, atajifunza mambo ambayo hakuna mwongoza watalii anayeyasema: kwamba pweza hukaa kwenye tundu ambalo mlango wake una maganda ya kombe na kaa aliokwisha kula, kwamba jiwe likigeuzwa lirudishwe lilivyokuwa, la sivyo walio chini yake watakufa kwa jua, kwamba mtu hutoka na maji na kurudi na maji, wala hangojei kuambiwa mara mbili bahari inapoanza kujaa. Sharti hili la mwisho ndilo linaloufanya utembezi huu kuwa mkasa wa kweli kwa mtoto. Hatari ipo, viumbe wenye miiba wapo, na ndiyo maana anatakiwa awepo mtu mzima wa kijiji anayeijua miamba hiyo. Nasisitiza wa kijiji. Ushujaa wa mzazi wa bara hautoshi.

Mashamba ya mwani yako pale pale. Kilimo hicho kilianza Zanzibar mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, na tangu mwanzo kimekuwa mikononi mwa wanawake. Vigingi hupigwa mchangani, kamba hutandazwa kati yake, na vipande vya mwani hufungwa kimoja kimoja. Joto la bahari limeongezeka na aina ya mwani yenye bei nzuri imekuwa ikioza na kufa, hivyo wengi wamebaki na aina ya bei ya chini. Mtoto aliyekaa nusu saa akifunga mwani, huku mgongo ukianza kumuuma, anaelewa hali ya hewa kwa namna ambayo somo la darasani haliwezi kumpa.

Alasiri ni ya nazi. Nitaieleza kazi hii kwa kirefu kidogo, kwa kuwa kila kitu kingine kwenye hoja yangu kimeegemea hapa. Nazi hupasuliwa kwa mgongo wa panga na maji yake hukingwa kwenye kikombe, ambayo ni haki ya mtoto mdogo kuliko wote. Kisha mkunaji hukaa juu ya mbuzi, miguu huku na huku, sinia chini ya ulimi wake wa chuma wenye meno. Hukuna akiuzungusha ufuu taratibu, akianzia ukingoni na kwenda ndani, bila kuganda mahali pamoja, maana akifikia ngozi ya kahawia tui litachafuka. Nazi iliyokunwa hutiwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa. Tui la kwanza, zito, huwekwa kando. Maji hutiwa tena, na tui la pili, jepesi, ndilo linaloanza kuingia jikoni pamoja na muhogo au pweza aliyekwisha kulainishwa kwa kupigwapigwa. Tui zito huja mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, na mtu hukoroga upande mmoja bila kuacha mpaka lichemke, la sivyo litakatika na mafuta yatajitenga. Machicha hupewa kuku. Ndani ya kazi hii moja kuna kupima, kungoja, kufuatana kwa hatua na adhabu ya papo hapo kwa mwenye haraka. Mtoto wa miaka minane anaiweza yote isipokuwa panga. Hakuna mchezo wa hotelini unaomwamini mtoto kiasi hicho.

Najua pingamizi linalofuata: watoto wa mjini hawali vyakula hivi, watalia njaa, na tumbo likiharibika safari imeharibika. Kuhusu kula, nilichokiona nyumba baada ya nyumba ni kwamba mtoto aliyekikamua chakula kwa mikono yake hukionja, na kuonja ndiyo hatua ngumu. Asiyependa pweza atakula muhogo. Hakuna nyumba ya pwani yenye kitu kimoja tu mezani. Kuhusu tumbo, tuzungumze kwa haki. Kipindupindu kimewahi kuvitembelea visiwa hivi mara kadhaa, na maji ya kunywa yachemshwe popote mtu alipo. Lakini chakula kilichotoka motoni sasa hivi na kuliwa kikiwa kinaunguza vidole kina hatari ndogo kuliko kile kilichopangwa kwenye meza ndefu tangu asubuhi kikipitiwa na nzi na mikono ya wageni wengi. Anayeogopa jikoni kwa sababu ya usafi aiogope na ile meza.

Makunduchi na Kizimkazi

Kusini mwa Unguja ardhi ni ya mawe. Mpunga hauna nafasi kubwa huko. Kinachokubali ni muhogo, kunde na njugu mawe kwenye mifuko ya udongo iliyo kati ya miamba. Kwa hiyo chakula chake ni kigumu zaidi na, kwa maoni yangu, kitamu zaidi: muhogo wa nazi mzito, kunde, samaki mkavu wa kuchoma. Makunduchi wanajulikana kwa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya inayofanyika kila Julai, ambapo kibanda cha makuti huchomwa na wanaume hupigana kwa vikonyo vya migomba ili kumaliza vinyongo vya mwaka uliopita. Wapiga picha huja kwa ajili ya moto na mapigano. Wenyewe huthamini pia kinachofuata, yaani kula pamoja, na ni desturi yao kutaka kila nyumba ipate mgeni siku hiyo. Mtoto akiona vita vya migomba bila kuiona sinia ya baadaye ameona nusu ya sherehe, na nusu yenyewe ni ile isiyofundisha.

Sinia nayo ina adabu zake. Maji hupitishwa kwa birika, mkubwa kwanza. Hutajwa jina la Mungu. Kila mtu hula upande wake kwa mkono wa kulia, wala hapeleki mkono mbele ya mwenzake. Kitoweo hukaa katikati, na hakiguswi hadi aliye mkubwa aanze kukigawa, akimsogezea kila mtoto kipande chake. Anayekula haraka hapati zaidi. Wazazi tunaolalamika kwamba watoto wetu hawajui kushirikiana, na huku kila mmoja tumempa sahani yake na simu yake mezani, tungepaswa kuitazama sinia hii kwa makini.

Hapa ndipo pingamizi zito kuliko yote linapokaa, nami silikwepi. Nani anapika? Jiko ninalolisifu lina moshi, na moshi huo unaingia kwenye mapafu ya mwanamke aliyeamka kabla ya adhana ya alfajiri. Mgeni anayekuja kufurahia utamaduni anamwongezea kuni, maji na vyombo vya kuosha. Sifa za jikoni zimetumika mara nyingi kumfunga mwanamke hapo hapo. Yote hayo ni kweli. Kizimkazi, kijiji cha jirani alikozaliwa Rais Samia Suluhu Hassan, ni mahali pazuri pa kulifikiria jambo hili, kwa kuwa serikali yake mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Jiko la gesi halipunguzi utamu wa tui, na anayesema chakula cha pwani hakinogi bila moshi aulizwe kama yeye ndiye anayeuvuta. Kinachofuata kutoka kwenye pingamizi hili si kwamba wageni wakae hotelini. Hotelini pia kuna mwanamke anayepika, ila huonani naye, na fedha hupitia mikono mingi kabla ya kumfikia. Kinachofuata ni kwamba mgeni alipe vizuri, apeleke mwenyewe gesi au mkaa na vitoweo, achote maji, aoshe vyombo, na wavulana wake waoshe pia.

Kuhusu wavulana, wapo akina baba watakaosita. Wakumbuke kwamba kwenye harusi za pwani pilau la watu mia tatu hupikwa na wanaume, mishikaki ya Forodhani huchomwa na wanaume, na masufuria ya halua hukorogwa na wanaume. Mwanamume wa pwani hupika sana panapokuwa na malipo au sifa. Kinachobaki kuwa cha mwanamke ni kile cha kila siku kisicholipwa. Mvulana anayekaa kwenye mbuzi akiwa na miaka saba atakuwa na la kusema juu ya mgawanyo huo akikua.

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi kwenye kibla chake yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia. Watoto huingia, hutazama, hutoka. Sikuwalazimisha kukaa. Jiwe hilo litawangoja wakue.

Chake Chake na Wawi

Pemba ni nchi nyingine. Milima midogo inafuatana, mabonde yake yana mpunga, na mikarafuu inasimama mirefu kando ya barabara. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyoshika uongozi wa zao hilo. Wakati wa mavuno majamvi hutandazwa barazani, uwanjani, hata ukingoni mwa lami, na karafuu hubadilika kutoka kijani na wekundu kuwa kahawia kwa siku chache za jua. Jioni familia nzima hukaa kuchambua, karafuu huku na makonyo kule, na mazungumzo yote ya nyumba hufanyika hapo: nani ameoa, nani amerudi kutoka Muscat, mwalimu gani wa skuli amehamishwa. Makonyo hayatupwi, hupelekwa Wawi, karibu na Chake Chake, kukamuliwa mafuta. Mtoto mgeni akiingizwa kwenye duara hilo, mikono yake hunukia karafuu siku mbili, na masikio yake hupata Kiswahili cha Pemba ambacho hakipo kwenye vitabu vya shule.

Atakayeniambia kwamba ninaipamba kazi ya watoto nitamjibu kwamba mpaka upo na unaonekana. Kuchambua na bibi jioni ni malezi. Kupandishwa juu ya mkarafuu mrefu asubuhi ya siku ya skuli, ambako kila msimu watu huanguka na kuvunjika, ni jambo la kukatazwa, na wanaolikataza wako sahihi. Hoja yangu ni ya kazi ile ambayo mtoto anaweza kuiacha akichoka.

Tumbe na Chwaka

Kaskazini mashariki mwa Pemba ndipo hoja hii inapopata ushahidi wake mkubwa. Tumbe ya leo ni kijiji cha wavuvi chenye soko la samaki lenye kelele nzuri. Chini ya mashamba yake kuna Tumbe ya kale, iliyostawi kati ya karne ya 7 na ya 10, na jirani yake kuna magofu ya Chwaka, yanayojulikana pia kama magofu ya Haruni, mji uliofuata kuanzia karne ya 11. Wachimbaji wa mambo ya kale hawakutafuta dhahabu peke yake; walichekecha udongo wa majikoni. Sarah Walshaw alichunguza mbegu zilizoungua zikabaki, na kazi aliyoichapisha mwaka 2010 inaonyesha kwamba watu wa Tumbe walikula zaidi uwele, nafaka ya Afrika, huku mchele ukiwa kidogo, na kwamba Chwaka mchele ulikwishachukua nafasi ya kwanza. Mabadiliko hayo yanakwenda pamoja na kukua kwa miji, misikiti ya mawe na karamu. Jeffrey Fleisher ameonyesha kwamba mabakuli mapana ya kulia pamoja nayo yalizidi kuwa na umuhimu katika miji hiyo. Maana yake ni kwamba wali kwenye chombo kimoja, watu wakiuzunguka, ni jambo lenye umri wa karibu miaka elfu moja hapa hapa.

Ibn Battuta, aliyeipita pwani yetu mwaka 1331, aliandika jinsi alivyokirimiwa Mogadishu: wali wa samli kwenye chombo kikubwa cha mbao, juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, tangawizi na embe. Kwa Mombasa aliandika kwamba chakula cha watu kilikuwa ndizi na samaki. Tulikula Tumbe wali, mchuzi wa samaki, ndizi za nazi na achari ya ndimu. Hakuna maigizo yaliyofanywa kwa ajili ya wageni. Ndivyo nyumba hiyo ilivyokula mchana huo. Nililiona jambo hilo kuwa kubwa kuliko magofu, na watoto nao waliyaelewa magofu baada ya kula, kwa sababu sasa yalikuwa ya watu waliokula kama wao.

Msomaji makini ataniuliza: si mchele huo umetoka ng'ambo? Ndiyo, Zanzibar huagiza sehemu kubwa ya mchele wake kutoka nje. Na je, watoto wa visiwani wenyewe hawataki chipsi na soda? Wanataka, na kila kijiji tulichopita kina karai la mafuta na viazi. Wengine hutumia mambo haya kudai kwamba jiko la asili limekwisha kufa na kwamba tunachowaonyesha watoto ni masalia. Ushahidi wa Tumbe unasema kinyume. Jiko hili limekuwa likibadilika tangu uwele uliposogea ukaupisha mchele; muhogo ulipokuja ulikuwa mgeni, nao ukapata tui na uenyeji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, chakula kutoka nje kilipobanwa, wazee wa visiwani walipanga foleni ya mchele na muhogo ukaziokoa nyumba nyingi. Chipsi nazo zimekwisha kuingia kwenye urojo wa Mjini. Jiko hufa pale tu anapokosekana mtoto anayejua tui gani linatangulia, na hicho ndicho kinachonitia hofu kwa watoto wetu wa mijini, ambao wengi wao nazi wameijua kwa sura ya pakiti.

Ngezi na Wete

Msitu wa Ngezi ni mabaki ya msitu ulioifunika Pemba kabla ya mikarafuu. Watoto huupenda kwa ajili ya popo wa Pemba, popo mkubwa mwenye uso kama wa mbweha, ambaye hapatikani kwingine duniani. Habari yake nayo inaanzia jikoni. Popo huyu alikuwa kitoweo, na kwa uwindaji na ukataji wa misitu alibakia kidogo sana kuelekea mwisho wa karne ya 20. Wanavijiji walipounda vikundi vya kumlinda, kama walivyofanya Kidike, akaongezeka tena kwa maelfu. Mtoto anayesikia habari hiyo jioni, popo wakiwa wanaanza kuruka, anajifunza kwamba kuna wakati nyumba hukubaliana kuacha kula kitu, na kwamba makubaliano hayo yanaweza kufaulu.

Wete tulikwenda kwa ajili ya halua. Sufuria la shaba liko juu ya moto, ndani yake wanga, sukari, samli na iliki, na mkorogaji amesimama na mti mrefu akikoroga kwa saa nyingi bila kuruhusu ukingo ushike. Oman wanapika hivyo hivyo, na familia nyingi za Wete zina ndugu huko, kwa hiyo halua husafiri kila upande mtu anaposafiri. Huliwa kidogo kidogo kwa vidole vitatu, na kahawa chungu isiyo na sukari. Watoto wapewe na kahawa hiyo waonje, angalau tone moja.

Basi mzazi mwenzangu, kabla hujaulizia bei ya vyumba, ulizia maji ya bamvu yanaangukia siku gani, kisha tafuta familia itakayokubali kukupokea, kwa kupitia mtu anayeifahamu. Peleka mchele, mafuta, sukari na mtungi wa gesi uliojaa. Waambie watoto kwamba wanakwenda kusaidia. Na siku ya kuondoka, malipo ya chakula mpe mkononi mama aliyepika, watoto wako wakiona.